Kukadiria kalori unazochoma kwenye mazoezi makali ya nyumbani, hatua kwa hatua

Video nyingi za mazoezi ya nyumbani huja na ahadi ya kalori: choma 800 kwa kipindi kimoja, wengine wanathubutu kusema 1,000. Mtu anatandika mkeka sebuleni, anaruka kichura mpaka jasho linadondoka sakafuni, anaandika 800 kwenye simu, kisha anakula akiitegemea hiyo 800. Mwezi unaisha, mizani haijasogea, anaanza kuamini kwamba mwili wake una kasoro. Mwili hauna kasoro yoyote. Alipewa hesabu kubwa kuliko kazi aliyoifanya, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuikagua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unahitaji mizani, simu yenye saa ya kupimia muda, daftari na kikokotoo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ili uweze kufuata kwa tarakimu zako mwenyewe: mwanamke wa miaka 34, kilo 72, urefu sentimita 162, anayefuata programu ya video yenye vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40.

Neno moja la afya kwanza. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu au ujauzito aonane na daktari kabla ya kuanza programu kali, na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya mazoezi aache papo hapo. Hakuna kalori yenye thamani ya kuhatarisha roho.

Hatua ya 1: Pata uzito wa kuaminika

Uzito unaingia kwenye kila mstari wa hesabu, kwa hiyo upate vizuri. Jipime asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, na utumie mizani ileile. Ukijipimia leo kwenye duka la dawa na kesho kwa kijana mwenye mizani pale stendi, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya mizani tu. Kama huna mizani nyumbani, chagua sehemu moja na uende saa ileile kila wiki.

Ukifanya mazoezi umebeba uzito mgongoni, kwa mfano begi lenye vidumu vya maji, ongeza uzito huo kwenye wako kwa dakika ulizoubeba. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi kidumu cha lita 5 kilichojaa ni kilo 5 na ushei.

Hatua ya 2: Andika dakika, usiandike urefu wa video

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibikia, na ningekuomba usipite haraka.

Video ikiandikwa dakika 40 haina maana kwamba umefanya kazi ngumu kwa dakika 40. Kuna mwalimu anayesalimia na kueleza, kuna kupasha misuli moto, kuna mapumziko ya maji, kuna kunyoosha viungo mwishoni. Na kuna yale mapumziko ambayo hayamo kwenye video: simu imeita, mtoto amelia, umesimama umeshika kiuno unahema huku wenzako wa kwenye skrini wanaendelea. Yote hayo ni muda, lakini si muda wa bei moja.

Siku moja katika wiki ya kwanza, fanya kipindi huku saa ya simu ikihesabu, na daftari liwe wazi pembeni ya mkeka. Kila sehemu inapobadilika, andika dakika. Mwandiko utakuwa mbaya na karatasi italowa jasho, haidhuru. Mwanamke wa mfano wetu alipata hivi: kupasha misuli dakika 7, mizunguko mikali dakika 24, kusimama na kunywa maji dakika 3, kunyoosha viungo dakika 6. Jumla 40, lakini kazi ngumu ni 24 tu.

Ndani ya zile 24 andika pia mpangilio wa kazi na pumziko. Yeye hufanya sekunde 40 za kazi na sekunde 20 za pumziko. Mpangilio huo una uzito wake katika hatua inayofuata.

Tena kuna kipimo kidogo ninachokipenda sana: chagua zoezi moja, tuseme kuchuchumaa na kuinuka, na uhesabu mara ngapi umelifanya katika mzunguko wa kwanza na katika mzunguko wa mwisho. Ukianza na mara 30 na kumaliza na mara 18, ujue nusu ya pili ya kipindi haikuwa kali kama ya kwanza, hata kama ndiyo iliyokuumiza zaidi. Uchovu na kazi ni vitu viwili tofauti, na kalori hufuata kazi.

Hatua ya 3: Ipe kila sehemu thamani yake ya ukali

Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni nguvu unayotumia ukiwa umekaa umetulia, nayo imekubaliwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Zoezi la MET 8 linadai mara nane ya hapo. Orodha kubwa ya thamani hizi ilichapishwa Marekani mwaka 1993 na Barbara Ainsworth na wenzake, na imekuwa ikisahihishwa tangu hapo. Katika toleo la 2011, mambo yanayohusu sebule yako ni haya:

- Kunyoosha viungo taratibu: 2.3
- Pushapu, kukaa na kuinuka kwa tumbo na mazoezi kama hayo kwa nguvu ya wastani: 3.8
- Mazoezi ya mzunguko ya wastani: 4.3
- Mazoezi ya video yanayochanganya mbio na nguvu, kwa bidii kubwa: 6.0
- Pushapu, kuruka huku ukipanua mikono na miguu, na mazoezi ya mzunguko yenye mapumziko mafupi, kwa bidii kubwa: 8.0
- Kuruka kamba polepole, chini ya mara 100 kwa dakika: 8.8
- Kuruka kamba kwa kasi, mara 120 hadi 160 kwa dakika: 12.3

Tazama mstari wa kamba. Kwa kazi ya dakika moja, kamba ya kawaida ya kurukia inashinda karibu kila kitu utakachofanya juu ya mkeka, na ni kati ya vifaa vya bei nafuu kabisa. Shida yake ni kwamba wachache wanaweza kuidumisha kasi ile kwa zaidi ya dakika chache, kwa hiyo usiandike 12.3 kwa dakika ulizokuwa unajikwaa na kuanza upya.

Sasa uchague kwa uaminifu. Kanuni ninayoifuata ni hii: kama pumziko ni fupi kuliko kazi, na ukijaribu kuongea unatoa neno moja au mawili tu kabla ya kuvuta pumzi, tumia 8 kwa mzunguko wote pamoja na mapumziko yake. Mapumziko hayo mafupi hayatolewi, kwa sababu mwili bado unavuta oksijeni nyingi wakati unahema. Kama pumziko ni sawa na kazi au limezidi, au unaweza kusema sentensi fupi bila kukatika, shuka hadi 6. Ukiweza kupiga soga na aliyekaa kwenye kochi, hayo ni mazoezi ya wastani, tumia 3.8 au 4.3.

Kama kipimo chako cha kuchuchumaa kimeonyesha kushuka sana, gawa ile sehemu kali mara mbili: nusu ya kwanza 8, ya pili 6. Wengi walioanza karibuni wanapaswa kufanya hivyo, na hakuna aibu ndani yake.

Hatua ya 4: Kokotoa

Kanuni ni moja:

Kalori kwa dakika = MET × 3.5 × uzito kwa kilo ÷ 200

(Kalori ninazozitaja kote humu ni zilezile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti za vyakula. Ukikuta pakiti imeandikwa kJ, gawa kwa 4.184.)

Kwa kilo 72, sehemu isiyobadilika ni 3.5 × 72 ÷ 200, yaani 1.26. Iandike juu ya ukurasa wa daftari; kuanzia hapo kazi ni kuzidisha tu.

Kupasha misuli: dakika 7 × 3.8 × 1.26 = 33.5
Mizunguko mikali: dakika 24 × 8 × 1.26 = 241.9
Maji (kusimama tu, nakadiria MET 1.5): dakika 3 × 1.5 × 1.26 = 5.7
Kunyoosha viungo: dakika 6 × 2.3 × 1.26 = 17.4

Jumla ni 298.5, tuseme 300.

Linganisha na mtu wa uzito huohuo aliyechukua dakika 40 zote akazipa MET 8: angepata 403. Amejizidishia theluthi nzima, na hajadanganya popote isipokuwa kwenye muda. Na linganisha tena na ule mstari wa video katika orodha, MET 6.0 kwa kipindi kizima: 40 × 6 × 1.26 = 302. Inakaribiana kabisa na hesabu yetu ya vipande. Hivyo kama siku fulani huna nafasi ya kuandika dakika, tumia 6.0 kwa kipindi chote kikali. Utakuwa karibu na ukweli kuliko ukitumia 8.

Hatua ya 5: Toa kalori ambazo ungezichoma hata umekaa

Hatua hii mara nyingi husahaulika, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote kwa mtu anayetaka kupunguza uzito.

Zile 300 ni kalori zote ulizotumia katika dakika 40. Lakini kama ungekaa kwenye kochi dakika hizohizo, moyo ungepiga, mapafu yangefanya kazi, ubongo ungekula sehemu yake. Ukipanga chakula chako kwa kujua mahitaji ya siku nzima, kalori hizo za kuishi tu umeshazihesabu. Ukiziongeza tena juu ya mazoezi, umezihesabu mara mbili.

Kadirio la kalori za kuishi unalipata kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990:

Wanawake: 10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × umri − 161
Wanaume: 10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × umri + 5

Kwa mwanamke wetu: 720 + 1,012.5 − 170 − 161 = 1,401.5 kwa siku. Siku ina dakika 1,440, basi ni 0.97 kwa dakika, na kwa dakika 40 ni karibu 39. Toa 39 kutoka 298.5 (ile tuliyoiita 300), unabaki na karibu 260.

Hiyo 260 ndiyo iliyoletwa na mazoezi. Iandike kwa wino, na pembeni yake andika 210 hadi 310, kwa sababu makadirio ya aina hii yakikosea asilimia 20 huku au kule si jambo la kushangaza. Thamani za MET ni wastani wa watu wengi. Wewe unaweza kuwa juu au chini yake.

Ili uone 260 ni kiasi gani, iweke jikoni. Chapati moja iliyotumia gramu 70 za unga wa ngano na vijiko viwili vya chai vya mafuta ina karibu kalori 335. Chupa ya kola ya mililita 350 ina karibu 147. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, karibu 120. Sisemi haya kukukatisha tamaa. Mazoezi yana faida kwa moyo, presha, sukari ya damu na usingizi hata kama uzito haujashuka gramu moja. Nasema ili ujue kwamba ukitoka kwenye mkeka ukajizawadia chapati na soda, umeshapita ulichochoma, na kwa mbali.

Hatua ya 6: Kagua kwa mapigo ya moyo

Njia ya pili inatumia mapigo ya moyo, na uzuri wake ni kwamba inapima mwili wako badala ya wastani wa watu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Anza kuhesabu mara tu unaposimama, kwa sababu moyo unashuka haraka. Usitumie dole gumba kupimia; lina mapigo yake yatakayokuchanganya.

Pima mwisho wa kazi na mwisho wa pumziko, katika mizunguko mitatu au minne, kisha chukua wastani. Mwanamke wetu alihesabu 39 mwisho wa kazi, yaani 156 kwa dakika, na 35 mwisho wa pumziko, yaani 140. Wastani ni 148.

Kanuni hizi zilitolewa na watafiti wa Afrika Kusini, Keytel na wenzake, mwaka 2005:

Wanawake: (0.4472 × mapigo − 0.1263 × kilo + 0.074 × umri − 20.4022) ÷ 4.184
Wanaume: (0.6309 × mapigo + 0.1988 × kilo + 0.2017 × umri − 55.0969) ÷ 4.184

Jibu ni kalori kwa dakika. Kwake: 66.19 − 9.09 + 2.52 − 20.40 = 39.21, gawa kwa 4.184, unapata 9.37. Kwa dakika 24 ni 225. Kwa njia ya MET tulipata 242 kwa sehemu hiyohiyo. Tofauti ni ndogo, hivyo anaweza kutulia na hesabu yake.

Kwako zikitofautiana sana, kwa mfano 240 na 340, usikimbilie kubwa. Njia ya mapigo inafaa zaidi kwa kazi ya mwendo mmoja, kama kukimbia bila kubadilisha kasi. Kwenye mizunguko ya kusimama na kuanza, moyo unabaki juu wakati wa pumziko ilhali misuli imetulia, na hesabu inavimba. Joto nalo linachangia sana. Mtu anayefanya mazoezi mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, chumba kimefungwa na feni imezimika kwa sababu umeme umekatika, moyo wake unakimbia ili kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Mapigo yanapanda, kazi ya misuli ni ileile. Kahawa, hofu na usiku wa kukosa usingizi vyaweza kufanya hivyohivyo. Kwa upande mwingine, anayetumia dawa za presha za kundi la atenololi mapigo yake yanazuiwa yasipande, hivyo njia hii haimfai kabisa. Abaki na MET na kipimo cha kuongea.

Kuna jambo la kuangalia kadiri wiki zinavyokwenda. Mazoezi yakikukolea, moyo unafanya kazi ileile kwa mapigo machache. Kanuni ya mapigo itakuambia unachoma kidogo kuliko mwanzo, nawe huenda unaruka mara nyingi zaidi kwa dakika. Hapo iamini hesabu ya mara ulizoruka kuliko mapigo.

Vipi kuhusu saa janja?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima vifaa saba vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikuwa na kosa la chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yaligeuka: kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kabisa asilimia 93. Waliona pia kwamba makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wenye uzito mkubwa kulingana na urefu wao, na kwa wanaume. Vifaa hivi husoma damu kwa mwanga unaopenya ngozi, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa pesa yake.

Kwa hiyo saa yako itumie kusomea mapigo, ukiivaa imebana kidogo, juu ya mfupa wa kifundo. Tarakimu yake ya kalori ichukue kama kipimo cha kulinganisha leo na jana kwa mazoezi ya aina moja. Usiipelekee jikoni.

Jasho, na moto unaobaki

Jasho si kalori. Ukijipima kabla na baada ya kipindi ukakuta umepungua kilo nzima, hayo ni maji, na yatarudi ukinywa. Wale wanaojifunga nailoni tumboni au kuvaa makoti mazito ili kitambi kiyeyuke wanapoteza maji na kuongeza joto la mwili, jambo linaloweza kumwangusha mtu. Kwenye hesabu ya kalori hawapati kitu, na zaidi watachoka mapema na kufanya kazi ndogo.

Kuhusu mwili kuendelea kuchoma baada ya mazoezi, jambo hilo ni la kweli lakini limekuzwa mno. Tathmini za utafiti zinaonyesha oksijeni ya ziada baada ya mazoezi makali ni kama asilimia 6 hadi 15 ya gharama ya mazoezi yenyewe. Kwa 260 ya mfano wetu ni kalori 16 hadi 39: kijiko kimoja au viwili vya sukari kwenye chai. Mimi huwa siziongezi. Zinamezwa na ile asilimia 20 ya makosa.

Hatua ya 7: Mizani ya wiki nne iwe hakimu

Makadirio yote hapo juu ni ya karatasi. Njia ya kuyathibitisha nyumbani ni kuyalinganisha na uzito, na inahitaji subira.

Vipindi 5 kwa wiki vya kalori 260 ni 1,300. Wiki nne ni 5,200. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, basi kwa mazoezi peke yake, chakula kikibaki kama kilivyokuwa kabla, mwanamke wetu atarajie kupungua kama gramu 675 kwa mwezi. Ndogo? Ndiyo, na ndivyo ilivyo. Ndiyo maana nasema anayetaka kupungua kilo nne au tano aelekeze macho yake kwenye sufuria zaidi kuliko kwenye saa.

Jipime kila asubuhi, na mwisho wa wiki chukua wastani wa siku saba. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya tano, si siku na siku. Maji ya mwilini yanaweza kusogeza mizani kilo moja mchana na usiku: chumvi kwenye mchuzi, siku za hedhi, choo kilichochelewa. Wiki ya kwanza ya programu kali mara nyingi uzito hupanda, kwa sababu misuli iliyoumia inashika maji. Usibadilishe chochote kwa ajili ya hilo. Na usianze kipimo hiki katikati ya Ramadhani au msimu wa sikukuu, maana milo inabadilika na huwezi kutenganisha kilichosababisha nini.

Ukikuta umepungua gramu 300 badala ya 675, gawa 300 kwa 675, unapata 0.44. Rudia kwa wiki nne nyingine. Ikija tena karibu na hapo, basi hicho ndicho kizidisho chako: kila kalori 260 ya kwenye daftari, kwa mipango ya chakula, ihesabu kama 115.

Kupungua kidogo kuliko ulivyokokotoa si lazima kuwe na maana kwamba umekokotoa vibaya. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, wanaotembea kila siku kuliko sisi wa mjini. Walipima nguvu wanazotumia kwa maji yenye alama maalumu yanayofuatiliwa kwenye mkojo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya kalori kwa siku hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2016, Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu 332 kutoka nchi tano, na huko pia waliona kwamba matumizi ya siku huongezeka na harakati mpaka kiwango fulani, kisha yanasimama. Mwili unabana matumizi sehemu nyingine. Wewe mwenyewe unaweza kujiona: siku ya mazoezi makali unakaa zaidi, unamtuma mtoto dukani badala ya kwenda, unapanda bodaboda umbali uliokuwa ukiutembea. Zile 260 zinaliwa kimyakimya kabla ya jioni.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kupungua asirudishe kwa chakula zaidi ya nusu ya kalori alizozikokotoa. Anayetaka kutunza uzito wake, au mwembamba anayetafuta nguvu, azirudishe zote na aangalie mizani isishuke. Anayenyonyesha hilo si lake. Yeye ale ashibe.

Lini urudie hesabu

Rudia kila uzito unapobadilika kilo 3 au 4, kila unapobadilisha programu, na kila unapoona mara zako za kuchuchumaa kwa dakika zimepanda sana. Mwanamke wetu akifika kilo 68, sehemu yake isiyobadilika inakuwa 1.19. Kipindi kilekile cha dakika 40 sasa kitampa 282, akitoa 38 za kuishi anabaki na 244. Kalori 16 zimepotea kwa sababu tu ana mwili mdogo wa kubeba. Anaweza kuzirudisha kwa kubadilisha dakika 3 za kupasha misuli kuwa kamba ya polepole: 3 × (8.8 − 3.8) × 1.19, karibu 18.